Mjomba Asiyekuwemo Kitabuni

Reli ilipofika Dodoma, bomani akaletwa bwana shauri mpya, mtawala wa Kijerumani asiyejua Kiswahili wala Kigogo. Alitaka mkalimani, na mtihani wake ulikuwa mmoja: alitoa riwaya ya Kijerumani, nene kama tofali, uisome yote kisha umsimulie kwa Kijerumani. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ndogo kule Kikuyu, kitongoji cha hapohapo Dodoma, mshahara wangu ukiishia kwenye chumvi na sabuni. Kazi ile niliitaka mno.

Kijerumani nilikijua. Kilichonishinda ni kukaa macho. Kurasa chache tu, kidevu kifuani. Nilinawa uso, nikasoma nimesimama, nikasoma nikitembea mpaka nikamparamia mbuzi wa jirani. Kitabu kile kilieleza mapazia ya madirisha ukurasa baada ya ukurasa, na tembe letu sisi halikuwa hata na dirisha.

Mke wangu, akisaga uwele uani, ndiye aliyeugundua ugonjwa.

"Mwalimu, unasoma peke yako kama mchawi. Nani anakuitikia?"

Kwetu hadithi lazima iwe na mwitikiaji. Akinyamaza, msimuliaji naye huacha. Basi nikawa nasoma sentensi, naigeuza Kigogo, naye anaitika, "Ehe!" Usingizi ulinikimbia siku hiyohiyo.

Shida ni kwamba mke wangu hakuwa mtu wa kuitikia tu. Kijana wa kitabuni alimpenda binti wa watu karibu nusu ya kitabu bila yeyote kutaja mahari. Jiwe la kusagia likasimama.

"Ng'ombe wako wapi?"

"Wazungu hawatoi ng'ombe, mke wangu."

"Na huyo binti hana hata mjomba wa kumsemea? Siitikii tena."

Akanuna kweli. Ningefanyaje? Nikampa binti mjomba, mzee mkali, asiyetaka kusikia habari za posa mpaka ng'ombe waingie zizini. "Ehe!" Jiwe likaanza tena. Tangu hapo mjomba aliingia kila sura, na ndiye pekee mle ndani aliyenisahaulisha kupiga miayo. Kitabu kikaisha kabla ya mavuno.

Siku ya mtihani bwana shauri aliketi na kitabu chake mezani. Nikasimulia. Nilipofika kwa mjomba, akaanza kupekua kurasa, mbele, nyuma, mbele tena. Nilijaribu kumruka yule mzee, hadithi ikanikatikia mdomoni. Nikamrudisha. Posa ikakataliwa, wazee wakagombana, ng'ombe wakaibiwa njiani. Bwana shauri aliacha kupekua, chai yake ikapoa. Nikajua kazi ni yangu.

Kengele ya mchana ikalia kabla sijamaliza. Akazinduka, akafunga kitabu.

"Mjomba hayumo humu."

"Hayumo, bwana."

"Mkalimani husema yaliyomo tu. Wewe unaongeza yako. Kazi nampa mwingine."

Nikaaga, nikageuka. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa mezani.

"Huyo mjomba... mwishowe alikubali?"

Hasira ilinipanda. Nikamjibu kwa Kijerumani safi kuliko chote nilichowahi kusema:

"Samahani, bwana. Hayo hayamo kitabuni."