Vidonge na Chai ya Ombati

Kemuma alikuwa mtu wa kusema kweli hata pale ambapo uongo kidogo ungempunguzia adha. Ukimkaribisha chakula kisicho na chumvi, atakwambia hakina chumvi, kisha atakula chote. Kijiji kizima cha Magwagwa kilimjua hivyo. Kwa hiyo siku alipoambiwa kwamba kadi yake ya hospitali inamwita mwongo, moyo ulimwaka kuliko tumbo lilivyowahi kumwaka.

Na tumbo lenyewe lilikuwa limemwaka miaka kumi na mmoja. Kila mwezi alikuwa na siku tano za maumivu ya kumkunja, na damu nyingi mno, halafu wiki mbili za kizunguzungu. Alichuma majani chai akiwa amejikaza kiunoni kwa leso. Mtoto hakupata. Wanawake wa ukoo wa mumewe walisema yao, tena kwa sauti. Mumewe, Ombati, hakusema kitu, na kwa hilo Kemuma alimpenda.

Mwaka wa 1974 daktari mmoja wa Kisii mjini alimpapasa tumbo akakuta uvimbe upande wa kushoto, wa ukubwa wa pera. Alimweleza kupitia kwa muuguzi kwamba huenda nyama ya ndani ya tumbo la uzazi imeota nje yake, na kila mwezi inavuja damu huko huko ndani. Ilibidi kumpasua. Lakini kwanza alimchoma kidole, akadondosha tone la damu juu ya karatasi, akalilinganisha na mstari wa rangi nyekundu zilizopangwa kuanzia hafifu hadi nzito. Damu ya Kemuma ilikuwa arobaini na mbili kwa mia.

"Nikimpasua hivi atanifia mezani," daktari alisema. "Arudi ikifika sabini."

Akapewa vidonge vya madini ya chuma, vitatu kwa siku, vingine atakuwa anachukua kwenye zahanati ya kwao. Aliambiwa pia ale mboga za majani, maharagwe, na maini akiyapata. Kemuma alishika amri hizo kama amri za kanisani. Hakuruka hata kidonge kimoja. Baada ya miezi mitatu akarudi, akachomwa kidole, na damu ilikuwa arobaini na nne.

Daktari akasoma kadi, akatikisa kichwa, akamwita mgonjwa mwingine. Muuguzi ndiye aliyemnong'oneza Kemuma mlangoni: "Mama, daktari wa zahanati yenu ameandika hapa kwamba humezi dawa."

Tusimwonee bure huyo wa zahanati. Jina lake Ratemo, na hakuwa mtu mbaya. Shida ni kwamba vidonge vile hugeuza choo kuwa cheusi, na wanawake wengi walipoona weusi ule waliamini matumbo yanaungua, wakavizika vidonge chini ya migomba. Ratemo alishachoka kuvifukua. Akawapima wote kwa kibaba kimoja.

Asubuhi ya pili yake, Kemuma aliingia zahanati na mkebe wa mafuta ya kupikia, umefunikwa vizuri na kufungwa kwa jani la mgomba. Akauweka juu ya meza ya Ratemo.

"Bwakire buya, daktari."

"Bwakire buya, mama. Umeniletea asali?"

"Fungua."

Ratemo alifungua. Akafunga haraka kuliko alivyofungua. Wanawake waliokuwa kwenye benchi walinyoosha shingo, kisha wakaziba pua.

"Ni cheusi au si cheusi?" Kemuma aliuliza.

"Cheusi, mama."

"Cheusi kama nini? Sema hawa wasikie."

"Kama masizi."

"Asiyemeza anatoa wapi masizi hayo?"

Ratemo alichukua kalamu, akayakata maneno yale kwenye kadi, akaandika mengine na kumsomea mara mbili. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu wa haki akishaonyeshwa haki, akauliza kwa upole: "Lakini kama unameza, hiyo dawa inakwenda wapi?"

Swali hilo Kemuma alirudi nalo nyumbani. Jina lake lilikuwa limesafishwa, lakini uvimbe ulikuwa pale pale, na daktari wa Kisii hangemgusa kabla ya sabini. Akamfikiria Jemimah, jirani yake, aliyezaa mapacha mwaka uliotangulia akabaki mweupe kama karatasi. Jemimah alipewa vidonge vile vile na Ratemo yule yule, na sasa alikuwa akibeba vikapu viwili vya majani chai mpaka kituo cha kuuzia bila kupumzika. Kemuma akaenda kuketi jikoni kwake, akamhoji kama askari.

Walilinganisha chakula chote. Mboga za chinsaga, wote wawili walikula. Ugali wa wimbi, wote. Maharagwe, wote. Nyama, wote waliisikia harufu kwa majirani.

"Na vidonge unavisukumia nini?"

"Uji. Au maji yenye ndimu, kichefuchefu kikinishika."

"Chai je?"

Jemimah alicheka, akamwita kwa jina la mumewe. "Mok'Ombati, sisi Wasabato chai tunachuma tu. Kuinywa tumewaachia ninyi Wakatoliki."

Kemuma hakucheka. Nyumbani kwake chai ndiyo iliyokuwa maji. Ombati alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupanda chai kwenye mlima wao, akachekwa, kisha akaezeka bati wakaacha kumcheka. Mgeni hakutoka kwake bila kikombe, tena cha rangi nzito, iliyochemka hadi ikakolea. Vidonge vyote vya miezi mitatu Kemuma alikuwa amevimeza kwa chai hiyo. Akakumbuka vile vikombe vinavyobaki na utando wa kahawia ambao hata majivu hayautoi. Kitu kinachoganda kwenye kikombe namna ile, alijiuliza, kikikutana na chuma tumboni kitakiachilia?

Jioni alisaga vidonge viwili. Kimoja akakitia katika kikombe cha chai, cha pili katika maji ya ndimu, akamwita Ombati. Maji yalichafuka kidogo tu. Chai iligeuka nyeusi tititi.

"Mzee, chai yako ni nzuri," Kemuma alisema. "Lakini na vidonge hivi haipatani. Naomba niiache mpaka nipone."

Ombati alikunja uso. "Watu watasema nini? Mkulima wa chai, mke wake anaikataa chai yake!"

"Miaka kumi na mmoja wamesema. Uliwahi kuwajibu?"

Ombati alikichukua kikombe, akaimwaga chai ile nje ya mlango. "Kumbe nimekuwa nikikunywesha wino," alisema. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa Jemimah kuomba ndimu, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyezikamua.

Ratemo alipoonyeshwa vikombe viwili alikiri kwamba chuoni hakufundishwa jambo hilo. Lakini hakubisha. Wiki kumi zikapita. Huko Kisii damu ilidondoshwa tena juu ya karatasi, na muuguzi akaangalia mara tatu kabla ya kutamka: sabini na moja.

Alipasuliwa siku ya Jumatano. Uvimbe ulitolewa, umejaa damu nzee nyeusi, na ugonjwa ukatajwa kwa jina lake, endometriosisi, ambalo Kemuma alilijaribu mara kadhaa mdomoni akaliacha. Hakuahidiwa mtoto, wala hakuambiwa kwamba hautarudi. Aliahidiwa miezi myepesi zaidi, na kwake hiyo ilikuwa mali.

Siku ya nne daktari alipita wodini pamoja na muuguzi wa kumfasiria. Ombati alikuwa kando ya kitanda cha mkewe pamoja na Ratemo, aliyekuja na koti lake la Jumapili. Daktari alifungua kadi, akasoma, akamgeukia Ratemo kwa tabasamu.

"Kutoka arobaini na nne hadi sabini na moja! Wewe ndiye uliyemtibu?"

Kemuma alishika ukingo wa kitanda, akainuka taratibu mpaka akaketi wima, ingawa nyuzi zilimvuta.

"Mwambie," alimwambia muuguzi, "ni mimi."