Mshenga wa Kozi ya Miezi Mitatu

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka kiuno huniuma na mdomo hucheka: siku niliyoanguka chini mbele ya watu mjini Gitega, nikiwa mzima kama jogoo wa jirani. Usishangae nikikuita mwanangu. Najua nakuzidi madarasa mawili tu, na ndevu zangu bado zimekaa kama nyumba za kilimani kwetu, kila moja na shamba lake. Lakini asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi nimeuliza sana, hadi mwalimu wa biolojia akaniomba nihamie dawati la nyuma. Kwa hiyo keti. Huu ni uzee wa maswali, si wa miaka.

Ilikuwa likizo kubwa, sisi tumekwisha kurudi kutoka kambi ya wakimbizi kule Tanzania, mashamba yamegawanywa, na Bibi Spesioza ameacha kulalamika kwamba migomba ya kwetu Buhinyuza inaota kwa kiburi. Dada yangu Dafroza alikuwa nyumbani. Yeye alikuwa mwaka wa pili katika shule ya uuguzi kule Muyinga mjini, na alikuwa amechoka. Nasema amechoka, sisemi mvivu, maana wengine huchanganya. Mtu anayekariri mifupa ya mguu huku anapepeta maharage ana haki ya kuchoka.

Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, tukamkuta kijana amesimama barabarani. Amevaa koti la rangi ya machungwa linalong'aa, mgongoni limeandikwa DHARURA kwa herufi kubwa. Miguuni pake amelaza mdoli wa mpira, kifua na kichwa tu, hana miguu. Watoto walimpa jina palepale: Bwana Nusu. Yule kijana alimkandamiza Bwana Nusu kifuani, akampulizia mdomoni, kisha akatangaza kwamba huko Gitega kuna kozi ya haraka. Miezi mitatu, unatoka mhudumu kamili wa dharura, gari la wagonjwa linakusubiri mlangoni. Nafasi chache. Jumatatu ya wiki ijayo mlango unafungwa.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tulikuwa nayo nyumbani, imekaa kwenye kona kama mwavuli, na mvua iliponyesha hakuna aliyeikumbuka. Unajua kwa nini? Kwa sababu sisi tulikulia kambini. Kambini kila kitu kizuri kilikuja kimevaa fulana yenye maandishi mgongoni. Mama yangu mwenyewe alifundishwa siku chache tu, akavishwa fulana, kesho yake akaanza kupima uzito wa watoto wachanga, na aliwapima vizuri. Basi mtu wa kambini ukimwonyesha maandishi ya mgongoni, anakuamini kabla hujageuka aone sura yako.

"Mimi nilijifunza kwa siku chache," mama alisema jioni ile, "na nilifanya kazi."

"Ulipima watoto, mama," nikamwambia. "Hukuwapasua."

"Prospa, kula."

Nikala. Lakini nilikuwa nimeona macho ya Dafroza, na hayakuwa kwenye ugali. Yalikuwa yamepanda gari la wagonjwa, yanapita mitaa ya Gitega kwa king'ora.

Bibi ndiye aliyeweka kijiko chini. Bibi yangu, kama humjui, alikuwa mshenga. Alitumwa na familia nyingi kwenda kuposa, na hadi leo ukipita naye njiani hukosi mke wa mtu anayemsalimu kwa shukrani, au kwa lawama.

"Wanafunga lini?" akauliza.

"Jumatatu, Bibi," dada akajibu.

"Na shule yako ya Muyinga inafunguliwa lini?"

Dafroza akageuza tonge sahanini. "Jumatatu hiyohiyo."

Hapo ndipo penye mwiba, mwanangu. Pale shuleni kwake, asiyefika siku ya kufungua, nafasi yake hupewa mwingine, na wanaoisubiri ni wengi kama siafu. Akienda Gitega, Muyinga imekufa. Hakuna kurudi kuomba.

"Tangu lini," Bibi akasema, "mchumba akamharakisha mshenga? Anayekuharakisha ana kitu hataki ukione mchana. Mimi sijawahi kumuuliza mama wa binti kama binti yake ana tabia nzuri. Angenijibu nini? Mwamba ngoma huvutia kwake. Nilikuwa nakwenda kwa jirani kuomba moto, nakaa, naongea, mpaka kaa linanizimikia mkononi. Nikitoka hapo najua kila kitu."

"Hii ni kozi, Bibi, si binti."

"Umetaka kuishi nayo maisha yako yote. Basi ni ndoa. Nendeni mkaipose. Mwulizeni jirani. Ingieni bila kuitwa. Na muwatafute waliokwisha kuolewa mle ndani, muone wanakaa wapi na wanakula nini. Nenda na huyu Prospa, mdomo wake hauna breki, kwa mara ya kwanza utatufaa."

Ndivyo nilivyopata kuwa mshenga kabla ya kuwa na mchumba.

Tulipata nafasi kwenye lori la maharage, tukapitia Karuzi, tukalala kwa shangazi huko Gitega. Asubuhi tukatembea hadi mtaa wa ile kozi. Ilikuwa ghorofani, juu ya kinyozi. Mkabala wake palikuwa na duka la Mzee Karimu, ambaye babu zake walitoka Uhindi na yeye kazaliwa hapohapo Gitega, anauza masufuria, soksi, betri, kila kitu. Nikamwomba Dafroza tuanze huko. Sikuwa na kaa la kuomba moto, nikaomba bei ya kiberiti.

"Hawa wa juu, mzee, unawafahamu?"

"Majirani," akasema, huku akipanga soksi. "Watulivu. Mwezi huu wanakuja vijana wapya, mwezi ujao wapya wengine. Wananunua soksi nyeupe kwangu. Sina neno baya."

"Na wale wa zamani wanakwenda wapi?"

Akaacha soksi. Akafikiri kwa haki kabisa, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. "Hilo sijawahi kujiuliza. Mmoja anaendesha pikipiki pale kona. Mmoja ni yule kinyozi." Kisha akacheka kidogo. "Juzi mwanafunzi wao alijikata na kopo la nyanya. Akavuka barabara mbio, damu inadondoka. Nikafikiri anakimbilia hospitali. Alikuja kwangu kutafuta plasta."

Nikamtazama Dafroza. Akatazama masufuria.

Tukapanda juu bila kuitwa. Mkurugenzi wao, mtu mnene mwenye tai na sauti tamu, hakukasirika hata kidogo, alifurahi kusikia tumetoka Buhinyuza. Kiswahili chake kilikuwa cha hapa hapa, kimechanganyika na Kifaransa kama wali na maharage.

"Karibuni, karibuni. Donc, basi, we ndiyo ule wa Buhinyuza? Mi nakwambia, dada, umefika. Certificat yetu iko internationale."

"Waliomaliza wako wapi, mkurugenzi?" nikauliza.

"Iko partout."

"Kama wapi?"

"Partout, kijana, kila mahali. Hapa, Bujumbura, hata inje."

"Mmoja tu, tukamsalimie."

"Oh, hawa iko busy sana. Urgence haina repos, haina kupumzika."

Nikauliza wanafunzi wanafanyia wapi mazoezi, yaani ile staji ambayo mwanafunzi anamgusa mgonjwa wa kweli huku mkubwa wake anamtazama mikono. Akasema hospitali moja iko karibu kutia sahihi. Nikauliza nani anafundisha. Akasema maspesialiste. Nikauliza wako wapi leo. Akasema leo wamesafiri. Mwanangu, kila swali nililouliza lilipewa kiti na soda, lakini jibu halikuletwa.

Basi ungetegemea dada yangu ameshaelewa. Hapana. Mkurugenzi alikuwa amemvisha koti kama lile la machungwa, na mbele ya kioo cha dirisha Dafroza alikuwa anajigeuza ajione mgongo. Limemkaa vizuri, sitadanganya. Nilimwona anatabasamu kwa namna ambayo hakuwa ametabasamu likizo nzima. Na kwenye chumba cha pili, wanafunzi kama kumi na kitu walikuwa wamezunguka mdoli mwingine, ndugu yake Bwana Nusu, shingo imelegea, wanapiga naye picha.

Nikajua maneno hayatoshi. Nikaingia kwa wale wanafunzi, nikasema "jamani, kichwa," nikaanguka chali.

Nilifumba macho, kwa hiyo nitakusimulia kwa masikio. Kwanza kiti kikaanguka. Mmoja akasema, "Ah, ule kijana amekufa?" Mwingine akasema walikuwa bado hawajafika kwenye somo la kuzimia, hilo ni la mwezi wa pili. Mtu akanipepea kwa kitabu. Mtu akanishika mguu, sijui kwa nini, akaendelea kuushika. Kisha mkono ukaninyanyua kichwa na nikasikia kizibo cha chupa kinafunguka, na Fanta ikaanza kuniingia mdomoni. Nilikuwa nimelala chali, nimejifanya sina fahamu, siwezi kumeza bila kujisaliti na siwezi kutomeza bila kukabwa. Nakwambia, mchezo wangu ulikuwa unakaribia kuwa kweli.

"Acha!" Ilikuwa sauti ya Dafroza. "Asiyejitambua hapewi kitu mdomoni. Inaingia kwenye mapafu. Sogeeni."

Akapiga magoti. Akaniita jina, akanigonga bega. Akainamisha shavu lake karibu na pua yangu asikilize pumzi. Akanigeuza kwa ubavu, goti moja mbele, mkono chini ya shavu, Fanta ikatoka. Yote hayo aliyafanya taratibu, kama mtu anayekunja shuka. Kisha akanifunua kope, akaniona namtazama. Kidole chake na kidole gumba vikanipata hapa, chini ya mbavu, vikafinya na kuzunguka. Alama ilikaa wiki.

"Anapumua," akawatangazia. "Ataamka sasa hivi."

Nikaamka.

Mkurugenzi alikuwa mlangoni anapiga makofi. Alifurahi kweli. Hakuwa na aibu, na hilo ndilo linalonishangaza hadi leo. "Très bien, dada! Unaona? We iko na talent. Wacha nikwambie kitu: usiingie kama mwanafunzi. Nitakupa classe. Utafundisha hapa, kuanzia Jumatatu."

Dafroza alikuwa bado amepiga magoti, lile koti mwilini. Akamtazama yule ndugu wa Bwana Nusu, akawatazama wale vijana, mmoja bado ameushika mguu wangu, na mwingine, msichana mdogo, alikuwa anauliza kwa sauti ya chini jinsi ya kugeuza mtu kwa ubavu, amuonyeshe tena.

"Nikifundisha mimi," Dafroza akasema, "mimi atanifundisha nani?"

Dada akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Kisha akamwonyesha yule msichana kugeuza mtu kwa ubavu, mara mbili, mimi nikiwa mgonjwa, na safari hii nilitulia. Ndipo tukashuka.

Tulipita pia ofisi ya afya, maana mshenga haridhiki na jirani mmoja. Mama wa pale alisema hawaijui kozi hiyo, na hospitali haiwezi kumpokea mtu kwa cheti chao. Lakini akatuambia jambo ambalo sikulitegemea: kozi fupi si uongo. Yapo mafunzo ya siku chache ya kufunga jeraha na kumsaidia aliyeanguka mpaka wenye kazi wafike, na ni mazuri, kila mmoja angepaswa kuyapata. "Yanakwambia mapema yanapoishia," akasema. Nikamkumbuka mama yangu na mizani yake. Hakuna aliyemwambia yeye ni daktari.

Jumatatu Dafroza alikuwa Muyinga, amekaa kwenye dawati lake, amechoka kama kawaida. Leo yuko kwenye staji, anaamka kabla ya jogoo, na bado analalamika. Mimi nikarudi kwa Bibi kupokea sifa zangu. Alisikiliza yote hadi mwisho, akacheka hadi akashika ukuta, kisha akafuta macho.

"Umeleta jibu zuri kwa njia mbaya, mjukuu wangu. Mtu hachezi na kuanguka. Siku utakapoanguka kweli, nani atakuinamia?"

Na ni kweli. Tangu siku ile, nikijikwaa hapa nyumbani hakuna anayeinua hata jicho. Juzi nilitumbukia mtaroni, mama akaniambia nikitoka nije na kuni.

Sasa nasaha, mwanangu, maana ndizo zilizotuweka hapa. Atakuja mtu kwenu na koti linalong'aa. Usimtukane, huenda ana kitu cha kweli, na njia fupi nyingine hufika. Lakini kabla hujaacha ulichonacho, nenda kaombe moto kwa jirani yake. Fika siku ambayo hakukutarajia. Uliza waliomaliza wako wapi, na ukijibiwa "kila mahali," omba jina la mahali pamoja. Uliza ni mgonjwa gani wa kweli utamgusa, na nani atakuwa nyuma yako anakutazama mikono. Nenda kwa yule atakayekuajiri, umuulize kama anakijua cheti hicho kabla hujakitolea jasho. Na ukiambiwa mlango unafungwa Jumatatu, acha ufungwe, uone kama Jumanne hautakuwa wazi tena. Ule wa Gitega ulikuwa wazi, shangazi alipita kutazama.

Mungu akupe udadisi usiokwisha na mbavu ngumu za kuuvumilia. Akupe dada mwenye hasira za haki. Na siku utakayoanguka kweli, mbali na nyumbani, akuinamie mtu aliyefundishwa bila haraka.