Nyumba Isiyofukizwa

Nesi alisema watu wawili. Mtoto hatoki wodini mpaka watu wawili wa nyumba yake waweze kumpitishia mpira puani hadi tumboni, wamlishe kwa huo mpira, na wajue la kufanya midomo yake ikigeuka rangi. Mmoja akiugua, yupo wa pili. Mwanangu alikuwa na miezi mitatu. Alizaliwa kabla ya wakati wake, na mashine iliyompumulia wiki za mwanzo ilimwachia makovu mapafuni. Uzito wake ulikuwa wa papai, tena si papai kubwa.

Mtu wa kwanza ni mimi. Mume wangu ni mpishi wa hoteli Kiwengwa, hurudi mjini mara moja kwa wiki, kwa hiyo nesi hakumhesabu. Wa pili akawa mama yangu.

Mama alikuwa ameshapindukia sitini, lakini mikono yake ilikuwa na utulivu ambao mimi sikujaliwa. Kazi yake ilikuwa kupika udi. Tangu nilipopata akili nilimwona akichemsha sukari, akitia udi uliosagwa, mawardi na mafuta mazuri, kisha anamimina kwenye sinia, ukipoa anauvunja vipande na kuvitia kwenye vikopo. Maharusi wengi wa mtaa wetu hapa Mji Mkongwe waliingia kwa waume zao wakinukia kazi ya mikono yake. Mwenyewe alinukia vivyo hivyo, kuanzia nywele mpaka viganja. Nilipokuwa skuli, wenzangu walijua mama yangu yuko mlangoni kabla hawajamwona.

Tulifundishwa kwa mdoli, katika chumba kidogo pembeni ya wodi. Mimi mpira ulinishinda mara mbili. Mama alivaa miwani, akapima mpira kutoka ncha ya pua hadi sikioni, kutoka sikioni hadi chini ya kifua, akatia alama, akasema Bismillahi, akaupitisha. Nesi alicheka, akasema bibi huyu wampe sare. Na mimi nilicheka, na ndani nikaona wivu. Nasema lilivyo: nilimwonea wivu mama yangu kwa sababu aliiweza kazi ya mwanangu kuliko mimi.

Siku hiyo hiyo nesi aliniita pembeni. "Nyumbani moshi wa aina yoyote marufuku," akasema. "Mkaa, sigara, dawa ya mbu, udi. Na yule mama yako ananukia udi mwili mzima. Mwambie kwa uzuri, aache, na nguo zake azifue zote."

Nilimwambia mama habari ya mkaa. Nilimwambia habari ya dawa ya mbu. Udi nikauruka. Ningeanzaje? Udi ndio ulionilea na kunisomesha, na mtaani mama hakuitwa kwa jina lake, aliitwa Bi Udi. Nikajiambia nitamwambia kesho. Kesho ikawa kesho kutwa, na mimi nikajifanya nina shughuli nyingi.

Shughuli kwa kweli zilikuwepo. Chumba chetu kiko juu, na kuta za nyumba zetu hizi hazikauki. Ukiegemea, chokaa inabaki mgongoni. Tulikwangua kuta, tukapaka upya, tukaacha madirisha wazi siku nne. Fundi wa umeme akatufungia soketi ya peke yake kwa ajili ya mashine ya oksijeni. Vijana wawili waliipandisha mashine ngazini hatua kwa hatua, maana ngazi zile ni nyembamba na zimesimama wima. Jiko la mkaa tulimpa jirani. Tukaambiwa mtoto atatoka Alkhamisi.

Jumatatu yake nilirudi kutoka hospitali kuchukua nguo za mtoto. Nilisikia harufu nikiwa bado chini. Nilipofika juu nikamkuta mama amekaa kwenye mkeka, mbele yake chetezo kimejaa makaa, juu ya chetezo amepindua tenga, na juu ya tenga ametandaza nguo zote za mwanangu. Chandarua alikuwa ameshakimaliza, na mashuka pia. Chumba kizima kilikuwa kimetanda moshi.

"Nshamfukizia kila kitu kabla hajaja," akasema, uso umemnawiri. "Huu nimempikia yeye tu. Ataingia kwao ananukia, kama mtoto wa watu."

Nikamwambia, "Utaniulia mwanangu."

Alidhani hakusikia vizuri. Basi nikamwongezea. Nikamwambia moshi ni sumu kwake, hata uliomo katika nguo zako, hata uliomo katika nywele zako, wewe mwenyewe ukimpakata utamuua. Yote niliyoyaficha wiki mbili niliyatoa kwa pumzi moja, na niliyatoa kwa ukali, kana kwamba mwenye kosa ni yeye.

"Nesi alisema lini maneno hayo?" akauliza.

"Wiki mbili nyuma."

"Alimwambia nani?"

Mama alichukua kopo la maji akayamwagia makaa. Kisha akakusanya nguo, akashuka nazo uani, akazifua mpaka alasiri. Alizisuuza, akazinusa, akazirudisha kwenye sabuni.

Asubuhi hakuwepo. Jirani akaniambia kaenda Kizimkazi kwa dada yake. Mezani aliniachia karatasi aliyoandika saa za kulisha na kiasi cha maziwa, kwa mwandiko wake mkubwa wa mtu mwenye macho mabovu. Nitasema na hili pia: mwanzo nilishusha pumzi. Nilifungua madirisha nikaona nyumba sasa ni safi.

Jumatano nesi akauliza, "Wa pili yuko wapi?"

"Kasafiri."

"Basi na mtoto atasubiri."

Nilimbembeleza. Akasema yeye hakuweka sharti lile kunitesa, ameshapokea watoto waliorudishwa wakiwa wamechelewa. Alkhamisi ikapita. Ijumaa mtoto wa kitanda cha pili alianza kukohoa, akahamishwa, na Jumamosi joto la mwanangu likapanda. Nesi hakunificha, akasema kila siku anayokaa wodini anapumua maradhi ya watu, na kifua chake hakitahimili mengi. Nyumbani hawezi kwenda, hospitali hafai kukaa. La kuvunda halina ubani, na hili nililivundisha mwenyewe.

Joto liliposhuka Jumapili, nikaenda Kizimkazi.

Mama mkubwa alinielekeza nyuma ya nyumba bila kunikaribisha ndani. Nadhani alikuwa ameshahadithiwa. Nilimkuta mama anaanika kanga isiyo yake. Kichwa chake kilikuwa wazi. Nywele zake zilikuwa ndefu, akizisuka mikia miwili na kuificha chini ya ushungi, na hata baba alipofariki hakuzigusa. Sasa zilikuwa zimekatwa mpaka karibu na ngozi, bila mpango, vimebaki viraka vyeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kila nkizikosha, harufu haitoki," akasema, akijipitishia mkono kichwani. "Nkazikata. Na bahari nshakoga siku tano, asubuhi na jioni. Vikopo vyote nshagawa. Hebu ninuse."

Sikutaka.

"Ninuse, mwanangu. Mie pua yangu ishazowea, sijijui."

Nikamnusa shingoni na nyuma ya masikio. Palikuwa na sabuni ya mche na chumvi. Nilimtafuta mama yangu pale shingoni na sikumpata. Nikalia, nikamwambia anisamehe.

"Ulisema kweli," akasema. "Ila ulichelewa kuisema." Akaingia ndani kuchukua miwani yake.

Mwanangu alikuja nyumbani Jumatano iliyofuata. Mwaka mmoja na miezi kadhaa tulipokezana, mimi na mama, hata mashine ya oksijeni ikarudishwa na mpira ukabaki. Mara mbili mtoto aligeuka rangi ya samawati mikononi mwangu, na mara zote mbili ni mama aliyemrudisha. Hakupika udi tena, wala hakuufukiza. Nywele zilipoota hakuziacha zirefuke. Watu waliokuja kutuona walisema nyumba yetu siku hizi ni baridi, nami nilijua wanakusudia udi.

Mama alianguka asubuhi moja akiwa anachemsha mabomba ya sindano ya kulishia. Kabla hatujapata gari, alikuwa ameshaondoka.

Maziko yalipangwa baada ya sala ya adhuhuri. Mume wangu alikuwa bado njiani kutoka Kiwengwa. Bibi aliyekuja kumkosha alifika na chetezo chake, akakiweka nje ya mlango, akanivuta mkono. "Tufukize?" akauliza. "Au tuache, kwa ajili ya mtoto?"

Kukosha mama ni haki ya binti yake. Wakifukiza, mtoto lazima atoke, na nyumba nzima hapakuwa na mwingine aliyeujua mpira wake isipokuwa yule aliyelazwa ndani. Wasipofukiza, ningebaki nimkoshe mama yangu kwa mikono yangu, naye angekwenda kaburini ananukia sabuni ya mche.

"Fukizeni," nikasema. "Sanda na chumba kizima."

Nikamwendea mama nikambusu kwenye paji la uso. Kisha nikamchukua mwanangu, mpira umebandikwa shavuni, na bomba na maziwa yake, nikashuka ngazi.

Nilikaa barazani kwa jirani, kichochoro cha pili. Saa ya kulisha ikafika. Nikachomeka bomba kwenye mpira, nikamimina maziwa, nikaliinua taratibu kama mama alivyonionesha. Upepo ukageuka, na harufu ikatufikia. Alikuwa mama, kama alivyokuwa kabla ya ile Jumatatu. Mwanangu akakunja uso. Kwake ilikuwa harufu ngeni.

Ilinibidi nihame hapo mara moja. Nilivuta pumzi moja tu, kwa nguvu zangu zote. Kisha nikamfunika pua kwa kanga, nikaenda naye mbali zaidi.