Macho ya Mchumba wa Mnyambe

Safari hii nilitumwa. Barua ya posa ya Rehema, binti wa kaka yangu, ilikuwa imefika hapa Masasi, na kaka hakuifahamu familia ya kijana. Akaniambia, "Dada, wewe unamjua mtu kwa kumtazama. Nenda Mnyambe ukamwone huyo Dastani." Sisemi uongo, nilivimba kichwa. Mimi ni fundi cherehani, na nilijisifu kwamba mteja akivuka tu kizingiti najua kama ni mpole au mgomvi.

Jumatano asubuhi nilipanda basi la Newala. Wafanyabiashara binafsi ndio kwanza walikuwa wameruhusiwa, na kila mmoja alikuwa na mzigo: mitumba, sabuni, betri. Basi lilipanda mlima polepole, na juu uwandani tulipokewa na upepo wa baridi. Kutoka Newala nilipata lori lililokuwa likipitia Mnyambe.

Saa nane mchana nilifika. Mama Dastani alinipokea kwa bashasha. "Karibu, Mama Tumaini. Pole na safari." Akaniletea maji kikombe tele. Uwandani maji ni shida, wanawake huyafuata bondeni. Kwa huruma nikanywa mafunda mawili, nikamrudishia.

Kijana akaja. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba."

Macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili, na hakunitazama usoni. Tulipoanza mazungumzo akasinzia, kidevu kifuani, mchana kweupe! Mama yake akacheka tu, akaendelea kumenya mihogo. Nikajiambia: gongo hiyo, na mama anamfichia. Lori lilipopita jioni likienda Masasi, nilimpa dereva kikaratasi ampelekee kaka: "Ni mlevi. Usikubali."

Alhamisi alfajiri niliamshwa na mngurumo wa mashine. Nilitoka nje, nikaona kati ya mikorosho wingu la unga wa njano. Ndani yake alikuwa Dastani, mashine mgongoni, kitambaa puani, machozi yakimtiririka.

"Anapuliza salfa," alisema mama yake, akikoroga uji. "Lazima auwahi umande kabla haujakauka, majani makavu hayaishiki dawa. Wiki ya tatu sasa anaamka saa tisa usiku."

"Mbona jana hukuniambia, Mama Dastani?"

"Nikwambie nini? Msimu huu Mnyambe nzima ina macho hayo." Akasita kidogo. "Ila na mimi nina langu, usikasirike. Jana ulinirudishia maji. Nikamwambia mwanangu, watu hawa wa mjini wanatuonea kinyaa, afikirie upya."

Niliona aibu mpaka nikakosa pa kuangalia. Nilipomweleza kwamba niliyahurumia maji yake, alicheka hadi akaweka mwiko chini. Mimi sikuweza kucheka. Kikaratasi changu kilikuwa kimeshafika Masasi.

Njia nzima ya kurudi niliona basi linatambaa. Saa kumi jioni niliingia kwa kaka, nikamkuta mshenga ameketi barazani akisubiri jibu. Barua ya posa ilikuwa mezani, na kikaratasi changu juu yake.

"Afadhali umefika," kaka alisema. "Nilikuwa namrudishia barua yake."

Rehema alikuwa akimimina chai. Hakuwa analia. Aliniuliza kwa upole, "Shangazi, ulipomwuliza kama anakunywa, alikujibu nini?"

Wote wakanigeukia. Ningeweza kujitetea, maana mdomo ninao. Lakini nilimwangalia yule binti, nikashindwa.

"Sikumwuliza, mwanangu. Nilimtazama tu."

Kisha nikasimulia yote mbele ya mshenga: salfa, umande, hata kile kikombe cha maji. Kaka alichana kikaratasi bila kuniangalia, akamwambia mshenga posa imepokelewa.

Nimelifikiria sana jambo hili nikiwa kwenye cherehani. Niliporudisha kikombe, nilijua nina sababu, na nilitaka ieleweke. Dastani aliposinzia sikumtafutia sababu, nilimpa tabia. Na Mama Dastani, kwa upande wake, alinifanyia vilevile.

Rehema ana watoto wawili sasa, kule Mnyambe. Kaka hajanituma tena kumtazama mtu, wala simlaumu.