Nyuki wa Arobaini ya Babu

Nilipokuwa bado nafungiwa kanga shingoni, kule Mbagala enzi za Mwingereza, watu wazima walikuwa na neno lao: nyuki wakishuka msibani wametumwa na marehemu, na atakayevimba ndiye aliyemkosea. Neno hilo nusura linifukuzie mama. Kwa hiyo mtu asinitake nilisimulie kwa upole.

Nyuki sie watoto tuliwajua. Wale wadogo weusi wa kwenye tundu la ukuta hawaumi. Asali yao tulikuwa tukiichokoa kwa kijiti na kulamba. Lile jeusi kubwa linalotoboa boriti lina kelele nyingi, ukiliacha halina neno na mtu. Lakini chini ya paa letu la makuti, upande wa uani, walikuwapo nyuki wenyewe, wale wa kahawia, na masega yao. Hao ukiwachokoza umekwisha.

Siku ya arobaini ya babu mzaa baba, shangazi akaenda kuweka chetezo cha ubani papo hapo chini ya masega. Moshi ukapanda. Lo! Wanawake walitimka mpaka barabarani, kanga zimebaki kwenye majamvi. Mama hakukimbia. Alimlalia mdogo wangu aliyekuwa mchanga, wakamuuma yeye.

Jioni uso wa mama ulikuwa umeumuka, macho hayaonekani. Shangazi naye aliumwa, tena si mara moja, lakini alibaki na vidoa tu kama vya mbu. Basi hukumu ikatoka.

"Mwanamke huyu kamkosea mume wangu," bibi alisema. "Aseme alichomfanyia, ama kesho arudi kwao Tabora."

Mama alikuwa mtu wa kuja, hana ndugu wa kumsemea. Alisema hana la kusema. Baba akatazama chini. Nilimchukia baba jioni ile, sifichi.

Asubuhi mama alifunga mzigo wake kwa kupapasa. Mdogo wangu angekwenda naye kwa kuwa alikuwa ananyonya. Mie ilikuwa nibaki. Nikatoka uani. Nyuki walikuwa wametulia, wengine wanakunywa maji kwenye ukingo wa mtungi. Nikamkamata mmoja kwa pembe ya kanga, nikaenda naye barazani walikokaa wakubwa.

"Bibi, nani alikuwa akimkata babu kucha?"

"Si ni wewe, mjukuu wangu."

"Nilimkosea nini?"

"Hukumkosea kitu. Mbona unauliza?"

Nikambana yule nyuki kwenye mkono. Yalaa, uchungu ule! Nikakaa chini mbele yao, nikakataa kuguswa. Mkono ukaanza kuumuka wakiona, vidole vikawa vinene, uvimbe ukapanda hadi kiwiko.

"Haya, semeni!" nikawaambia huku nalia. "Semeni mie nilimfanya nini babu! Na mie nifukuzeni!"

"Mtoto hana adabu huyu," shangazi akasema. "Awaombe radhi wakubwa."

Bibi alinivuta, akaukwangua mwiba kwa ukucha, akanisugulia kitunguu huku machozi yanamdondoka. Kisha akamwambia baba, "Nenda kaufungue mzigo wa mkeo."

Leo najua kuwa damu za watu hazifanani. Mmoja akiumwa anajikuna tu, mwingine anavimba, na yuko ambaye pumzi humbana akafa asipowahiwa. Wema na ubaya wa mtu havimo humo. Siku ile sikuyajua hayo hata kidogo. Na nikikumbuka mwili hunisisimka: je, kama ningekuwa na damu ya shangazi, nisivimbe? Ningekuwa nimemfukuza mama yangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Mama alikaa. Ndiye aliyemwogesha bibi alipokuwa hajiwezi. Bibi hakuacha kuamini mambo ya nyuki. Alisema tu kwamba wale walipotea njia. Mie nilimwacha na lake, maana kwangu mzigo ulikwisha kufunguliwa.

Shangazi alinidai radhi miaka yote, mpaka akafariki. Ndugu huniambia, sasa nawe mzee, mwombe hata kaburini, ukae na moyo mweupe. Moyo wangu mweupe tangu zamani. Sikuomba, na siombi.