Sauti Yake Kwenye Simu za Watu

Esteria Mgaya alipofiwa na mumewe, Sila, alibaki na cherehani, mtoto mmoja wa kiume aliyekwisha kuajiriwa, na shamba la parachichi kule Mdandu, kijijini kwa mumewe, ambalo alichimba mashimo ya miche kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa akiishi Makambako, chumba na sebule nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Kwenye baraza la duka hilo ndipo alipokuwa akishona sare za shule. Upepo wa Makambako ukianza hauna adabu, unataka kuondoka na vitambaa mezani. Esteria alivibana kwa mawe, akajifunga kitenge kichwani mpaka masikioni, akaendelea kushona. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Walioketi barazani kwake wakisubiri nguo walimsimulia mambo yao yote, na hakuna neno lililotoka hapo kwenda kwa jirani.

Mwanawe, Lenard, alikuwa mwalimu wa sekondari Njombe mjini. Alikuwa mtoto mwema kwa vipimo vya watu: hanywi, kaoa kanisani, anampigia mama yake kila Jumapili. Siku moja akaja na simu ya tachi, mpya, ndani ya boksi lake.

"Mama, hicho kitochi chako kipumzike sasa. Na hii tutakuwa tunaonana uso kwa uso."

Akakaa naye barazani akamfungulia Watsapu. Kwa kuwa macho ya Esteria yalikuwa hayapatani na maandishi madogo, akamfundisha kushikilia alama ya kipaza sauti na kuongea. Halafu akafungua kompyuta yake, akaielekeza simu ya mama yake kwenye kioo cha kompyuta, ikatoa mlio mdogo.

"Hapo unafanya nini?" Esteria aliuliza.

"Naiweka sawa tu. Ikikusumbua nikusaidie nikiwa hukohuko Njombe."

Esteria akashukuru. Akawaonyesha wenzake wa kwaya: mwanangu kaninunulia.

Mwaka huo kwaya za parokia zilikusanyika Njombe, na huko ndiko alikokutana na Romanus. Alikuwa mgane, fundi wa mbao, aliyeletwa kutengeneza madawati ya wageni. Koti lake lilikuwa limechanika begani. Esteria, ambaye hatembei bila sindano, alimwambia alivue, akalishona wakiwa wamesimama. Romanus akaomba namba ili, alivyosema, ajue pa kupeleka koti likichanika tena. Koti halikuchanika, lakini jumbe za sauti zilianza.

Mwanzoni zilikuwa habari za hali ya hewa. Romanus alimweleza ukungu wa Njombe ulivyokataa kuondoka hadi mchana, mbao zake zikagoma kukauka. Esteria alimweleza kuhusu mama mmoja aliyeleta kitambaa cha sketi moja akitaka zitoke mbili. Aliongea akiwa anapiga pasi jioni, simu imeegemea kopo la chaki. Aligundua kwamba ana maneno mengi kuliko alivyodhani. Alicheka peke yake. Alimwita Baba Oliva, kwa jina la binti yake mkubwa, naye akamwita Mama Lenard, kwa heshima zote.

Jioni moja ya mvua alibonyeza kipaza sauti akasema jambo ambalo hakuwa amekusudia kulisema.

"Baba Oliva, hili sijamwambia hata padri. Sila alikuwa ananipiga. Si mara moja. Uliniuliza kwa nini nilikatisha sauti kwa kushtuka mtu alipofunga mlango kwa nguvu, ndiyo hiyo sababu. Siku tuliyomzika watu walikuwa uani wanaimba, mimi nikaenda chumba cha nyuma nikajilaza. Nililala usingizi, Baba Oliva. Usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu niolewe. Mungu anisamehe, lakini nililala."

Akaiachia ikaenda. Aliporudi kwenye pasi, alikuta imeunguza kola ya shati la mteja.

Jibu lilikuja baada ya muda. "Nimekusikia, Esteria," alisema Romanus, na hakuwa amewahi kumwita jina lake. "Pole. Na mimi nikuombe kitu. Njoo tuishi. Nitakwenda kusema na padri, tufuate taratibu zote."

Walilizungumza jambo hilo wiki kadhaa. Esteria alimwambia kwamba akihamia Njombe hataliacha shamba la Mdandu, maana lile ni jasho lake, ataliangalia kutoka huko. Alipanga kumweleza Lenard ana kwa ana wakati wa likizo, kama mama anavyopaswa kumweleza mwanawe.

Hakuiwahi likizo. Mwezi wa kwanza, wakati ulanzi, pombe ya mianzi, umekolea vijijini, kaka mkubwa wa marehemu, Yoramu, alipiga simu kumwita Mdandu kwenye kikao cha ukoo. Esteria akadhani ni habari ya kujengea kaburi. Akanunua sukari na mikate, akaenda.

"Kamwene," alisalimia mlangoni kwa Yoramu.

Waliitikia kwa midomo tu. Wazee walikuwa wamekaa ukutani na vikombe vyao vya ulanzi, na katikati yao alikuwepo Lenard, katika siku ya kazi. Hakusimama kumpokea mama yake mfuko.

Yoramu hakuzunguka. Aliweka simu yake juu ya kigoda, akabonyeza. Sebule ikajaa sauti ya Esteria. Kwanza habari ya shamba na kuhamia Njombe. Halafu sauti ya Romanus, *njoo tuishi*. Halafu ile nyingine. Esteria alijisikia akivuta pumzi kabla ya kusema, akasikia na pasi ikigonga meza kwa nyuma. *Nililala usingizi, Baba Oliva.* Mzee mmoja akaguna. Mwanamke aliyekuwa akigawa vikombe alisimama palepale, birika mkononi.

"Shemeji, sauti hii ni ya nani?" Yoramu aliuliza.

"Ni yangu."

"Ndugu yangu alikupiga lini? Nani aliona?"

Esteria akamtazama Lenard. Huyu ndiye aliyekuwa darasa la tano siku jicho la mama yake lilipovimba likafunga kabisa. Ndiye aliyechemsha maji, akatia chumvi, akamkanda kwa kitambaa huku analia kimyakimya baba asisikie.

"Lenard, mwanangu. Waambie."

Lenard aliangalia simu iliyokuwa kigodani. "Mama, hayo ni mambo ya zamani."

"Sikuulizi ni ya lini. Nakuuliza kama yalikuwepo."

"Mimi nilikuwa mdogo. Sikumbuki vizuri."

Esteria alisimulia baadaye kwamba makofi yote ya Sila hayakuwahi kumfikia pale neno hilo lilipomfikia. Hakulia. Alikaa akishikilia mfuko wake wa sukari magotini, Yoramu akitoa hukumu. Mjane anayemsingizia marehemu hana la kusema juu ya mali ya marehemu. "Kuolewa, olewa, hakuna anayekuzuia. Ila miti haiolewi. Shamba ni la kina Mgaya."

Aliondoka bila kuaga. Mfuko akauacha mlangoni.

Kesho yake hakushona. Scola, aliyekuwa akiuza mitumba baraza la pili, alimkuta ameketi mbele ya cherehani amekunja mikono, akamuuliza mpaka akamweleza. Jambo moja lilimshinda Esteria kuelewa. Yale aliyaongea peke yake chumbani, yalimfikiaje Yoramu? Alikwisha kuanza kumfikiria Romanus vibaya.

"Hebu simu," Scola akasema. Akapekua, akamgeuzia kioo. "Ona hapa, dada. Kuna kompyuta imeunganishwa na simu yako. Imeunganishwa siku nyingi. Kila unachotuma wewe na kila unachotumiwa, kule nako kinaingia."

"Kompyuta ya nani?"

Aliuliza tu. Jibu alikuwa nalo. Alikumbuka ule mlio mdogo.

Scola akaikata ile kompyuta kwa kidole kimoja, kazi ya kufumba na kufumbua. Esteria akampigia mwanawe.

"Mama, nilitaka kukulinda," Lenard alisema. "Watu wazima wanatapeliwa sana kwenye hizi simu. Nilikuwa naangalia tu."

"Ukasikiliza zote?"

Lenard akaanza tena habari za matapeli, Esteria akamkatiza.

"Nilipomweleza Scola habari za tumbo langu na vipimo nilivyofanyiwa hospitali, ulisikiliza?"

"Mama..."

"Nilipokuwa nalia?"

"Nilishtuka niliposikia habari za kuhamia kwa mwanaume. Nikamtumia baba mkubwa ile ya shamba tu, anishauri."

"Na ile ya usingizi ilikwendaje?"

"Nilizichagua kwa haraka. Zilikwenda pamoja. Nilipotaka kuifuta alikuwa ameshaisikiliza."

"Kukumbuka je, nako ulishindwa kwa haraka?"

Esteria akakata simu.

Afadhali lingeishia Mdandu. Lakini Yoramu alikuwa ameitupa ile sauti, pamoja na ya Romanus, kwenye kundi la ukoo la Watsapu, ili wote wajue mke wa ndugu yao ni mtu wa namna gani. Kwenye ukoo kuna wakwe, wakwe wana majirani, na majirani wana makundi yao. Hazikupita wiki mbili ikawa imefika Makambako. Esteria aliitambua ilipofika, kwa sababu alipoingia kwenye sala ya jumuiya akina mama walinyamaza wote kwa pamoja, kisha mmoja akaanza wimbo usiokuwa zamu yake. Wanafunzi waliokuja kupimwa sare walikonyezana. Siku moja dereva wa bodaboda alipunguza mwendo mbele ya baraza lake akapaza sauti, "Mama Usingizi, shikamoo!" Stendi nzima ya bodaboda ng'ambo ya barabara ikacheka. Jina likamkaa.

Kilichomuuma zaidi si wale waliomcheka. Mteja wake wa miaka mingi alimjia akamshika mkono akamwambia kwa huruma, "Dada, hata mimi yamenikuta, ila wewe umekosea kuyasema kwenye simu." Kana kwamba kosa lote la dunia lilikuwa hapo, kwenye kusema.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuuliza kama kuna sheria ya jambo hilo. Mwenyekiti alimsikiliza vizuri, akamkaribisha na chai.

"Sheria ipo, mama. Lakini mtama umeshamwagwa penye kuku wengi, utawakamata wangapi? Na wa kwanza ni mwanao. Uko tayari akamatwe?"

Esteria akaweka kikombe chini.

"Hata mimi nililetewa," mwenyekiti akaongeza, akipangusa kioo cha simu yake kwenye suruali. "Niliisikiliza kidogo tu."

Romanus naye alipiga, mara moja. Hakutuma sauti. Alisema binti yake Oliva alichezewa ile sauti kazini kwake, akamsikia baba yake akimwomba mwanamke waishi pamoja. Watoto wamekasirika kwamba hakuwaambia. Padri ameuliza. "Esteria, bora tunyamaze kwanza, upepo upite." Alimwambia asimfikirie vibaya. Upepo ulipopita hakupiga tena, na Esteria hakumtafuta. Alisikia kwa watu wa kwaya kwamba mwaka huohuo Romanus alifunga ndoa na mwalimu mstaafu wa hukohuko.

Mavuno ya parachichi yalipofika, Yoramu aliweka kufuli kwenye lango la shamba. Lori la wanunuzi lilipakia bila Esteria kuitwa. Scola alimsukuma aende mahakamani, kwamba mjane ana haki yake na wengi wameshinda. Esteria alijua hilo ni kweli. Alifika mpaka barabarani na nyaraka zake kwenye mkoba, akarudi.

"Yoramu atasema nimemsingizia marehemu, nami nitaulizwa shahidi wangu ni nani," alimwambia Scola. "Nitamtaja nani? Aliyeniona ni mmoja, na hakumbuki."

Simu hakuitupa. Asingeweza. Shule zinatuma vipimo na mitindo kwa Watsapu, na bila hiyo kazi ingekwenda kwa mafundi wengine. Aliweka namba ya siri ambayo hakumwambia yeyote, akaacha kabisa kutuma sauti. Mteja akimtumia sauti, humjibu kwa maandishi, neno moja moja, ameisogeza simu mbali na macho: *Ndiyo. Kesho. Tayari.* Kwaya aliiacha. Alisema kifua kinamsumbua.

Pasaka iliyofuata Lenard alikuja na mkewe, Priska, na mtoto wao wa kwanza, wa kike, ambaye walimpa jina la Esteria. Bibi alimpokea mjukuu, akambeba mgongoni, akapika kuku na wali. Walizungumza habari za mvua na bei ya mbolea. Baada ya chakula Priska alitoka na mtoto kwenda kumsalimia Scola, mama na mwana wakabaki wawili sebuleni. Simu ya Lenard ilikuwa juu ya meza, kioo kimetazama dari. Esteria aliitazama, akaacha sentensi katikati.

"Itoe nje," alisema.

"Nini, mama?"

"Simu yako. Itoe."

Lenard alitaka kucheka, akaona uso wa mama yake, akaacha. Aliichukua akaipeleka kwenye gari, akafunga mlango wa gari taratibu sana, akarudi akakaa kwenye ukingo wa kochi kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Nakumbuka, mama," alisema akiangalia sakafu. "Nakumbuka kila kitu. Hata yale maji ya chumvi. Niliwaogopa wale wazee. Nilidhani nikikubali, nami nitakuwa nimemkana baba."

Esteria alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameyangoja maneno hayo mwaka mzima, ameyapangia na majibu yake, makali na ya upole. Sasa alitafuta hata jibu moja, asilione.

"Ungeyasema Mdandu," akamwambia.

"Nisamehe."

"Nimekusikia."

Lenard alingoja. "Basi sema kitu, mama. Nitukane hata. Simu iko nje, hakuna anayesikia."

Esteria aliinuka akaanza kukusanya sahani, akazipanga moja juu ya nyingine, na mifupa akaisukumia kwenye ile ya juu.

"Sina la kukuambia," alisema, akaenda uani kuosha vyombo.