Bunduki ya Arbabu

Juzi nilimwona dereva amesimamishwa na polisi, mikono yote juu ya usukani, nikamkumbuka baba mchana mmoja kule Rashidiya, ughaibuni tulikoishi. Alikuwa akimwendesha arbabu wake, tajiri aliyemwajiri, nami nimekaa nyuma nikinusa udi wa kanzu ya mzee huyo. Polisi alipotusimamisha na kuinama dirishani, baba alisema kabla hajaulizwa, "Kuna bunduki ya kuwindia kwenye buti la gari. Ni ya huyu mzee, na kibali anacho."

Nilidhani baba amemchongea bosi wake, na kwamba tutarudishwa Mombasa. Arbabu alitoa kibali. Buti likafunguliwa, likafungwa kwa kishindo, polisi akasema, "Yalla, nendeni."

Nyumbani nilimuuliza, "Baba, mbona ulimsema arbabu?"

"Mwanangu, polisi akiikuta bunduki mwenyewe, wa kwanza kukamatwa ni mgeni aliyeshika usukani."